YAH: PAMPU YA MASHINE YA MZEE ANDONGWISYE

29 Aprili

Ninaanza daftari hili kwa ajili ya jambo moja tu, nalo ni mashine ya kukoboa mpunga ya jirani yangu, Mzee Andongwisye. Nimeombwa na pande mbili kuwa mpeleka maneno kati yao, na mtu anayebeba maneno ya wengine yampasa kuweka kumbukumbu zake mwenyewe.

Hali ni kama ifuatavyo. Injini ya mashine hiyo ilitolewa kwenye gari dogo la mizigo miaka ishirini iliyopita. Pampu yake ya petroli, ile inayoendeshwa na injini yenyewe, imepasuka mpira wa ndani. Petroli inavuja na kuchanganyika na oili. Pampu ya namna hiyo haipatikani tena Kyela wala Mbeya. Mwana mkubwa wa Mzee, Gwamaka, anayeishi Tunduma, ametamka kwamba mavuno yakiisha atakuja na gari aichukue mashine, iuzwe kama chuma chakavu. Mzee alimjibu mbele yangu: "Ikikoboa msimu huu hadi gunia la mwisho, haiuzwi. Isipofika huko, ichukue."

Anayesema itafika ni Atuganile, mke wa Godwin, mwana mdogo wa Mzee. Huyu alikulia katika gereji ya baba yake kule Tukuyu, na anataka kufunga pampu ya umeme mahali pa ile iliyokufa. Aliolewa hapa kwa ahadi kwamba mashine itakuwa mikononi mwa nyumba yake. Godwin anafanya biashara Karonga, ng'ambo ya mpaka, na huonekana kwa nadra. "Mashine ikienda, Karani," aliniambia, "mimi hapa nitakuwa wa kupika na kungoja. Nitarudi Tukuyu."

Ukarani sikuajiriwa na mtu. Nimejifunza kuandika maombi na barua za serikali kwa kusoma barua za wengine, na watu wakanipa jina.

Yupo atakayeuliza kwa nini mkamwana na baba mkwe wasizungumze wenyewe. Kwetu hawaonani uso wala hawasemezani. Wengi siku hizi wameulegeza mwiko huo. Mzee Andongwisye hajaulegeza hata kidogo. Zamani maneno yalipitia kwa mkewe, ambaye alifariki mwaka juzi. Sasa yanapitia kwangu, kwa maandishi, kwa sababu Mzee anasema neno lililoandikwa halina uso.

30 Aprili

Mvua kutwa. Hakuna la kuandika.

2 Mei

Utaratibu umekubaliwa. Asubuhi Mzee yuko kwenye kakao zake, na banda la mashine ni la Atuganile. Alasiri ni la Mzee. Akikaribia, hugonga jembe kwenye jiwe mara tatu, naye Atuganile hutoka kwa mlango wa nyuma akiwa amejifunika kitenge. Hivyo watu wawili wanatengeneza injini moja na hakuna aliyeona hata kivuli cha mwenzake.

Leo nimepeleka barua ya kwanza. Atuganile alisema nami akiwa amelala chini ya tangi, miguu tu ikionekana.

"Mwambie Mwenyewe pampu ya umeme inajua kusukuma, kuvuta haijui. Kwa hiyo naiweka chini ya tangi. Asije akaipandisha juu eti isilowe."

Jina la baba mkwe halitamki, humwita Mwenyewe. Niliandika hivi: "Kwa unyenyekevu mkubwa naomba kukuarifu kwamba kifaa tajwa hufanya kazi kwa ufanisi zaidi kikiwa chini ya usawa wa tangi, hivyo ingependeza kibaki hapo."

Mzee alivaa miwani, akaisoma polepole, akaitundika kwenye msumari ukutani mwa banda.

"Mkamwana wangu ana lugha nzuri," alisema. "Sikujua."

Sikuona sababu ya kumsahihisha.

5 Mei, Jumapili

Kalavati ya barabara ya Ipinda imechukuliwa na maji. Magari hayaingii. Msimu huu mzigo utatoka kijijini kichwani na kwa baiskeli, na kila mtu anajua kwamba mchele ni mwepesi kuliko mpunga. Baada ya ibada watu watano walimuuliza Mzee kuhusu mashine. Aliwajibu kwamba inatengenezwa, bila kusema na nani.

8 Mei

Pampu iliyonunuliwa Kyela mjini, iliyotolewa kwenye gari lililopata ajali, haikufaa. Atuganile aliijaribu kwanza kwa kuimiminia kwenye chupa ya lita moja. Chupa ilijaa kabla hajahesabu ishirini. Akaifunga hata hivyo ili aone, na petroli ikabubujika juu ya kabureta.

"Hii ni ya injini za kisasa," alisema, akizima. "Inasukuma kama dume la ng'ombe. Ona, Karani. Humu ndani kuna boya na sindano. Petroli ikijaa, boya linapanda, sindano inaziba tundu. Basi. Ni mlango wa matete huu. Ukiusukuma kwa bega unafunguka tu."

Nilikuwa nimemchukulia kama mwanamke wa maneno mengi. Leo nimeona kwamba kila neno lake lina kazi.

9 Mei

Nimeandika barua kwa Godwin, Karonga, kuomba vitu viwili: pampu ndogo isiyo na nguvu nyingi, na swichi ya oili. Hiyo ya pili hukaa kwenye injini na kuhisi msukumo wa oili. Injini ikizimika, nayo hukata umeme wa pampu bila kuagizwa na mtu. Barua imebebwa na wafanyabiashara wanaovukia mpakani Kasumulu.

14 Mei

Mpunga umeanza kukatwa upande wa Mwaya. Mvua ndogo ya alasiri.

15 Mei

Mvua. Turubai za kuanikia mpunga zimekunjwa mara tatu.

19 Mei, Jumapili

Pampu imefika. Swichi ya oili haikufika. Godwin anasema ameiagiza kutoka mji wa Mzuzu.

21 Mei

Imewaka.

Atuganile alikata kibati, akakifunga kwa gasketi kuziba tundu la pampu ya zamani ubavuni mwa injini. Akaweka chujio kati ya tangi na pampu, fyuzi kwenye waya, na swichi nyekundu ukutani, upande wa mkono wa kulia wa mtu anayelisha mpunga. Injini ilipiga kelele kidogo, ikakohoa, kisha ikatulia katika mlio mmoja. Mzee aliisikia akiwa kwenye kakao. Nilimwona akija njiani kwa haraka isiyo ya umri wake, kisha akasimama ghafla, akakumbuka jiwe. Aligonga mara tatu, akangoja, akagonga tena ingawa mwanamke alikuwa amekwisha kutoka.

Kabla ya hapo Atuganile alikuwa ameniambia maneno haya, nami nikayaandika kwa penseli katika ukurasa huu huu, akiyasema:

"Swichi ya oili haipo, kwa hiyo pampu haijui kama injini imekufa. Itaendelea kusukuma. Mwambie: injini ikifa, mkono wa kwanza uende kwenye swichi nyekundu. Kabla ya mkanda, kabla ya mpunga, kabla ya kumjibu mtu. Asiposikia ataunguza banda."

"Huwezi kumwambia baba mkwe 'asiposikia,'" nilimwonya.

"Basi hilo litoe. Mkono wa kwanza usiutoe."

Nyumbani nilitunga nakala safi. Amri ya mkamwana kwa baba mkwe ni jambo ambalo kalamu yangu haijawahi kulifanya. Niliandika: "Aidha, endapo injini itazimika, itakuwa vema, kwa kadiri Mzee atakavyoona inafaa, swichi ya pampu nayo izimwe." Niliisoma mara mbili. Ina mizani nzuri.

25 Mei

Mashine inakoboa. Foleni ya magunia imefika kwenye migomba.

27 Mei

Jubilate, mama anayenunua mchele na kuupeleka Matema kwa baiskeli za kukodi, aliona barua zilizotundikwa akazisoma zote kwa sauti mbele ya foleni.

"Yaani, Karani! 'Kwa unyenyekevu mkubwa naomba kukuarifu.' Barua ndefu kuliko mkanda wa mashine! Huyo binti angekuwa anaongea hivi, Godwin asingemaliza kumtongoza hadi leo."

Watu walicheka. Mzee naye alicheka. Nilimweleza Jubilate kwamba adabu haina urefu uliozidi. "Ina urefu," alijibu. "Mimi nimesahau ulikoanzia."

3 Juni

Injini ilizimika alasiri kwa kupewa mpunga wenye unyevu. Mzee aliusafisha mkanda, akawaondoa watu, akajibu simu, ndipo akazima pampu. Halikutokea lolote.

4 Juni

Asubuhi Atuganile alinusa sakafu.

"Jana ilizimika?"

"Kwa muda mfupi."

"Alizima pampu kwanza?"

"Barua anayo."

"Sikuulizi barua, Karani."

Nilimwahidi kwamba nitamkumbusha. Sikumkumbusha. Kurudia agizo lililokwisha kuandikwa ni kumdharau aliyelisoma.

7 Juni

Jua. Siku ya kwanza tangu Machi ambayo mlima umeonekana wote, kuanzia chini hadi juu.

9 Juni, Jumapili

Swichi ya oili bado. Godwin anasema Mzuzu wamempa ya gari jingine.

11 Juni

Naandika haya saa kumi na mbili jioni, mkono wangu ukinuka moshi.

Saa nane mchana injini ilizimika. Gunia lilikuwa la Jubilate, na ndani yake mlikuwa na kipande cha kamba kilichoingia kwenye mashine na kukaza. Mzee alifanya yale ambayo mtu yeyote angefanya kwa mashine aliyoizoea miaka ishirini: alikwenda kwenye mkanda. Akautoa. Akaingiza mkono kutafuta kamba. Jubilate alikuwa akijitetea kwamba kamba si yake, imetoka kwa aliyemuuzia, na Mzee alisimama kumjibu. Mimi nilikuwa mlangoni. Niliisikia pampu, ina sauti ndogo, kama mdudu ndani ya ukuta, nayo ilikuwa ikiendelea. Nilitazama swichi nyekundu. Nilidhani Mzee ameona inafaa iachwe.

Kamba ilichukua kama dakika kumi. Wakati huo wote sindano ya kabureta, kama nilivyoelezwa baadaye, ilikuwa imeshikwa na uchafu kidogo na haikuziba sawasawa. Petroli ilishuka ubavuni mwa injini hadi kwenye pumba sakafuni. Pumba hunywa petroli bila kuonyesha. Harufu ilikuwepo, lakini banda lile lina harufu hiyo siku zote.

Mzee alirudisha mkanda, akapiga stata. Injini ilijibu kwa mlipuko mdogo kupitia kwenye kabureta, na moto ukashuka chini kabla sijaelewa kuwa ni moto.

Aliyefanya jambo la maana ni Jubilate. Alivuta magunia matupu yaliyolowa njiani kutoka kwenye baiskeli yake, akayatupa juu ya injini, akaanza kumwaga mchanga kwa sufuria ya kupimia mchele, akitukana kwa Kinyakyusa. Wanaume wawili walivuta magunia ya watu nje. Mzee hakutoka. Alikuwa anaifikia swichi nyekundu. Alipita kwenye moto kuifikia, akaizima, na mkono wake wa kulia ukaungua kuanzia kwenye kiwiko hadi kwenye vidole.

Nyuma ya banda alisimama Atuganile, ametoka nyumbani mbio. Nilimwona kupitia kwenye tundu la ubao. Hatua tatu tu zingemfikisha ndani, na baba mkwe alikuwa mle. Aliushika ubao kwa mikono miwili, akapiga kelele moja: "Pampu!" Kisha akakaa chini mchangani, akageuza uso.

Moto ulizimika kabla haujafika kwenye paa. Waya umeungua, mpira wa petroli umeyeyuka, sehemu ya ukuta imekuwa nyeusi. Injini yenyewe ni nzima. Magunia mawili ya mpunga yamepotea. Mzee amepelekwa zahanati kwa baiskeli.

Mimi nilimwaga maji. Maji hayakusaidia.

12 Juni

Mzee amerudi, mkono umefungwa. Anasema ni yeye aliyesahau. Hasemi alisahau nini.

13 Juni

Gwamaka amepiga simu kwamba anakuja.

14 Juni

Nimefungua ukurasa wa tarehe 21 Mei, nikausoma, nikaufunga.

16 Juni, Jumapili

Baada ya ibada ukoo ulikaa kwenye uwanja wa Mzee. Gwamaka alikuwa amefika jana, amevaa viatu vya mjini vilivyojaa tope la njia ya miguu kutoka kwenye kalavati. Atuganile alikaa nyuma ya ukuta wa jiko, mahali anapoweza kusikia bila kuonekana. Jubilate aliitwa kama shahidi, nami pia.

Gwamaka hakuzunguka. Alikuwa amezitoa barua kwenye msumari. Zina masizi pembeni lakini zinasomeka. Akaisoma ile ya Mei 21 kwa sauti.

"'Itakuwa vema, kwa kadiri Mzee atakavyoona inafaa.' Mnasikia? Mtu anafunga kitu kinachoweza kuunguza nyumba, halafu anamwambia mzee wa watu ukiona inafaa! Hili si onyo. Alijua hatari, akaifunika kwa maneno matamu. Baba, mkono wako umekwisha. Gari nimeshalipata. Na huyo shemeji akapumzike kwao."

Nyuma ya ukuta wa jiko hakukusikika kitu. Mwiko haumruhusu kujibu.

Barua ile ilikuwa na jina la Atuganile chini, langu halikuwepo. Ningenyamaza, hakuna mtu duniani ambaye angejua zaidi ya sisi wawili. Naandika hili kwa sababu lilinipitia, na lilikaa kwa muda.

Nilisimama, nikaomba ruhusa, nikafungua daftari hili. Nilisoma maneno ya penseli yote, hata lile aliloniruhusu nilitoe. Kabla ya mkanda, kabla ya mpunga, kabla ya kumjibu mtu. Asiposikia ataunguza banda. Maneno ya mkamwana kwa baba mkwe, bila nguo, mbele ya ukoo mzima.

Mama mmoja alifunika kinywa. Jubilate alisema, "Ee Yesu," kisha, kwa sauti ya chini, "lakini kasema kweli."

"Soma tena," alisema Mzee. "Lile la mkono."

"'Injini ikifa, mkono wa kwanza uende kwenye swichi nyekundu.'"

Aliutazama mkono wake uliofungwa.

"Tangu mwezi wa tano, Karani, nimekuwa nikisoma maneno ya nani?"

"Yangu, Mzee."

"Una mwandiko mzuri," alisema. "Mimi nilitaka kujua kuhusu pampu."

Nilikaa. Katika miaka yangu yote ya kuandikia watu, hakuna aliyenisuta kwa maneno machache kiasi hicho.

Gwamaka alianza upya, kwamba karani au mkamwana, moto ni moto, na mkono wa baba hauwezi tena kulisha mashine. "Godwin hayupo. Nani ataiendesha?"

"Aliyeifunga."

"Baba, banda ni moja! Akiwa mle kutwa, wewe utaingiaje?"

"Siingii."

Watu walitazamana. Ile mashine aliileta yeye kutoka Mbeya. Hakuna siku ya mavuno ambayo hakusimama pembeni yake.

"Baba, mambo haya siku hizi watu wameyaacha," alisema Gwamaka, sasa kwa upole. "Kaeni mwongee. Nani atawacheka?"

"Mwiko sikuuweka mimi, na sitauvunja kwa sababu ya pampu," alisema Mzee. "Mashine ni yangu. Kitu changu naweza kukiacha. Gunia la mwisho bado, Gwamaka. Neno langu liko pale pale."

Kikao kiliishia hapo. Nilipopita karibu na jiko, Atuganile alikuwa anafuta uso kwa kitenge.

"Pole, Karani," alisema. Mimi ndiye niliyepaswa kutamka neno hilo, naye amenitangulia.

19 Juni

Swichi ya oili imefika kutoka Mzuzu, siku nane baada ya moto.

22 Juni

Waya mpya, mpira mpya, sindano imesafishwa. Atuganile aliiwasha injini, kisha akachomoa waya wa plagi kusudi ife. Pampu ilinyamaza yenyewe. Hata hivyo mkono wake ulikwenda kwenye swichi nyekundu. Nilimuuliza kwa nini, ilhali sasa si lazima.

"Swichi ya oili nayo itakufa siku moja," alisema. "Nayo haitaandika barua."

24 Juni

Foleni imerudi. Mzee amehamishia kiti chake upande wa kakao.

28 Juni

Hakuna mvua. Hakuna barua.

1 Julai

Nilipita na Mzee njiani kwenda Mwaya. Tulipokuwa usawa wa banda, akiwa ameligeuzia mgongo, injini ilizimika. Alisimama katikati ya njia na kutazama migomba. Watu wa foleni walipiga makelele, Jubilate akisikika zaidi. Nilihesabu pumzi zake. Injini ilipowaka tena, aliendelea kutembea na kuniuliza bei ya samaki Matema.

6 Julai

Gunia la mwisho la msimu limekobolewa leo saa kumi alasiri. Lilikuwa la Mzee mwenyewe, mpunga wake wa kula. Yeye hakuwepo.

Jubilate aliubeba mchele hadi kwa Mzee, nami nilifuatana naye. Mzee aliufungua mdomo wa gunia kwa mkono wa kushoto, akachota, akautandaza kwenye ungo. Akapitisha vidole polepole, akitafuta chenga. Alitafuta kwa muda mrefu. Punje zilikuwa nzima, ndefu, nyeupe.

"Kuna neno kutoka kule?" aliniuliza.

"Hajatuma."

Alitikisa kichwa kukubali, akanipa simu yake.

"Mwandikie Gwamaka: usije na gari."

Nilimuuliza kama kuna la kuongeza.

"Hakuna."

Nikaandika maneno hayo matatu, nikatuma.